Hesabu ya Maganda

Maganda yangu yalikuwa yanaibiwa. Najua maneno hayo yanachekesha, na Wifi alipoyasikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini mimi nimekuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na moja, na mtu aliyezeeka kati ya bandeji, mashuka na miche ya sabuni hachezewi. Kitu kikipungua najua. Wala sihitaji kuhesabu. Nikikinyanyua tu, mkono unaniambia.

Asubuhi ile ya Ijumaa niliinyanyua ndoo yangu nyekundu chini ya ngazi, na mkono ukaniambia kwamba kuna mtu amepita hapa.

Nianze na biwi lenyewe, rundo letu la kuozeshea mboji, maana bila biwi hakuna kesi. Jengo letu lina ghorofa tatu, na nyuma yake palikuwa jaa. Kila mtu alitupa alichotaka, nzi wakawa wapangaji wenzetu, mtaro ukaziba, na mvua ikinyesha maji yaliingia mpaka chumbani kwa Kinyozi anayekaa chini. Gari la taka likichelewa, mtu aliwasha moto, na moshi ukapanda moja kwa moja kwenye nguo zilizoanikwa. Kisha akaja bwana shamba mmoja, kijana mwenye viatu vya mpira, akatuambia kwamba sehemu kubwa ya uchafu wetu si uchafu. Ni chakula cha udongo, akasema, na sisi tunakichoma.

Nilimshuku, bila shaka. Mtu akikuambia ganda la ndizi ni mali, unashika mkoba wako kwanza. Hata hivyo nilimsikiliza. Akatupangia tabaka la majani makavu, tabaka la maganda, udongo kidogo, akanyunyiza maji kiasi kwamba ukifumbata konzi moja lisitone. Akafunika kwa magunia. Vyakula vilivyopikwa alivikataa, na mifupa, na mafuta, kwa sababu huleta panya. Wiki ya pili alirudi, akachomoa kijiti alichokuwa amekichomeka katikati ya biwi, akanipa nikishike. Kilikuwa cha moto, na hakuna aliyewasha kiberiti. Nilikizungusha mkononi nikitafuta ujanja uko wapi, nikaukosa.

Baada ya miezi mitatu tulifunua mboji. Ilikuwa nyeusi, inamomonyoka vidoleni, na harufu yake ni ile ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Tuliichanganya kwenye udongo wa nyuma ya jengo, udongo uliokuwa mgumu hata mwiko wa fundi ungepinda, na nyungunyungu wakaja wenyewe bila kuitwa. Udongo ukaanza kunywa maji badala ya kuyatema, mtaro ukapumua, na Kinyozi akaacha kulala na viatu juu ya meza. Tukapanda mchicha, karoti, nyanya, vitunguu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuchoma taka pale.

Sasa, kwenye mavuno, binadamu ni binadamu. Watu ambao hawakuwahi kuleta hata ganda la kitunguu walikuja na vikapu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa usimamizi, nikasema haiwezekani. Baada ya mvua za mwaka huu niliandika sheria kwenye ubao, kwa herufi kubwa, nikautundika ukutani: ASIYELETA NDOO HACHUMI. Kila nyumba ndoo yake na rangi yake. Jumatatu na Alhamisi jioni unaiacha chini ya ngazi za nyuma. Jumanne na Ijumaa asubuhi nazinyanyua moja moja, namwaga kwenye biwi, natia alama ya chaki ukutani. Jumamosi, mwenye alama anachuma.

Siku nilipoisoma sheria hiyo watu walipiga makofi. Ni Wifi peke yake aliyenyoosha mkono, kwa kuwa Wifi hawezi kukubali neno langu bila kulitia kasoro.

"Na asiye na maganda?" akauliza.

"Asiye na maganda hapiki," nikamjibu, "na asiyepika, mchicha wa nini?"

Watu walivunjika mbavu. Wifi naye alicheka. Niliona nimempiga bao, nikatembea na bao hilo wiki nzima.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Anakaa juu ya kichwa changu, ghorofa ya pili, na ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na moja nimesikia cherehani yake ikikimbia juu ya dari yangu, alfajiri, mchana, jioni, na kwa miaka hiyo hiyo nimegonga dari kwa ufagio. Ukimya wake ni wa nadra, na ulimi wake una makali ya mkasi wake. Kubwa analonisemea ni kumenya. Mimi, kweli, nikimenya kiazi ganda linatoka nene. Haraka ya stoo hiyo, sikujifunza mapishi ya kubembeleza. Wifi akiniona na kisu huuliza, "Wifi, unamenya au unachonga kinyago?" Kisha huwageukia watu na kuwaambia kwamba kaka yake alikufa mwembamba kwa sababu nyama yote ya kiazi ilikwenda na ganda.

Basi. Ijumaa ile ndoo ilikuwa nyepesi. Jumanne iliyofuata, nyepesi. Ijumaa tena. Nilianza kuwatazama majirani kwa jicho la stoo.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Kinyozi, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Anaamka mapema. Mlango wake uko hatua nne kutoka ngazi za nyuma. Tena, na hili ndilo lililomtia kitanzini, anafuga sungura. Alikuwa nao sita kwenye sanduku la mbao kando ya mlango, na walikuwa wananenepa. Nilipita pale mara tatu kwa siku nikijifanya naanika taulo, nikawaangalia midomo. Sungura hatulii mdomo, kwa hiyo kila nilipotazama walikuwa wanatafuna, na kila walipotafuna niliona ganda langu.

Kwa haki yote niseme kwamba Kinyozi ndiye aliyelisaidia biwi kuliko mtu mwingine. Alileta nywele alizofagia dukani, ambazo huoza polepole lakini zinashibisha udongo. Alileta samadi ya sungura wake, na samadi hiyo ikiingia biwi linachemka siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiligeuza kila wiki kwa uma wa shamba, akitupa ya chini juu na ya juu chini, mvuke unampanda usoni. Hayo yote niliyajua. Nikayageuza yawe ushahidi. Nikajiuliza, mtu anajitolea hivi ili afiche nini?

Nilimuuliza kwanza kwa upole. Akasema sungura wake wanakula majani ya kando ya barabara na vichwa vya karoti kutoka kwa muuza mboga. Nilimwendea muuza mboga, akathibitisha. Nikamshuku na muuza mboga.

Jumamosi, watu wote wakiwa wameshika vikapu, nilisimama mbele ya ubao nikasema kuna mtu hapa anafuga kwa maganda ya wenzake. Sikutaja jina. Nilitazama tu sanduku la sungura, na watu hamsini wakatazama nilikotazama.

Kinyozi aliweka kikapu chini. "Mama Stoo," akasema, "mimi kazi yangu ni kukata nywele za watu mchana kweupe. Maganda yako nikayaibe ya nini?" Alingoja kidogo kama kuna atakayemtetea. Hakuna. Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi, anatazama vidole vyake. Nilidhani anajizuia kucheka. Kinyozi akachukua ndoo yake nyeusi, akaingia ndani, na toka siku hiyo ukuta ukabaki wazi kwenye mstari wake.

Nilijiambia kwamba asiye na hatia hakimbii. Ila wiki ileile biwi likapoa. Hapakuwa na samadi, hapakuwa na wa kuligeuza, na likaanza kutoa harufu ya kitu kilicholala vibaya. Ilibidi nishike uma mimi, na umri huu, nikaligeuza kwa siku mbili mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Na Ijumaa, ndoo yangu ilikuwa nyepesi vilevile.

Mtu mwenye akili hapo angekwenda kumwomba Kinyozi radhi. Mimi nilitafuta mshukiwa mwingine, na safari hii jicho langu likapanda ghorofa ya pili.

Nilikuwa nimeanza kuona kwamba ndoo ya Wifi, ile ya kijani, inajaa. Mwanamke anayeishi peke yake, ndoo imefurika: maganda ya ndizi, ya vitunguu, taji la nanasi, majani ya chai. Mtu mmoja huyo anakula kwa niaba ya nani? Na hapo hapo mwili unamkonda. Nilikutana naye ngazini nikaona sketi yake ameibana kiunoni kwa pini kubwa. Fundi mzima, sketi imempwaya, badala ya kuipunguza anaibana kwa pini. Nilijumlisha ndoo iliyojaa na mwili uliopungua nikapata jibu moja: Wifi ana mtu. Mapenzi ya uzeeni hayo, anampikia mwanamume, mwenyewe hali, na hana hata muda wa kushona.

Nilianza kusikiliza dari. Nilitega sikio nikingoja nyayo nzito, kikohozi, kiti kikivutwa. Sikusikia kitu. Hata cherehani sikuisikia, na nikakumbuka kwamba ni muda sasa sijaisikia. Nilishukuru. Nikaona hatimaye ufagio wangu umeeleweka.

"Wifi," nikamwambia siku moja ngazini, "siku hizi unapikia watu wangapi?"

"Nakula fungu la kaka yangu," akanijibu, "lile ulilomnyima." Akacheka, na akicheka alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Nikaona ni maringo.

Sasa niwaeleze habari ya mayai. Stoo ya hospitali ina amri moja, kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na amri hiyo imenifuata mpaka jikoni. Yai likiingia kwangu naliandika tarehe kwa kalamu ya bluu, kila yai, kabla halijakaa kwenye bakuli. Watu hunicheka. Maganda yake huwa nayaponda kiganjani kabla ya kuyatia ndooni, kama alivyotufundisha bwana shamba, ili yaoze upesi. Lakini wiki ile kifundo kilikuwa kimevimba kwa ajili ya ule uma, sikuweza kuponda kitu, nikayatupa mazima.

Jumanne nilishuka saa kumi na mbili na nusu. Ndoo yangu nyepesi. Nikanyanyua ya kijani nikaimwaga juu ya biwi, na nusu ya ganda la yai ikabingirika ikasimama mbele ya kiatu changu. Imeandikwa 14, kwa bluu, na ile nne yenye mkia ninayoiandika mimi.

Na Wifi hali mayai. Tangu utotoni akila yai anavimba midomo, ukoo mzima unajua.

Nilipiga magoti pale pale nikaanza kupekua. Ndizi zangu za Jumapili. Maganda ya vitunguu vyangu. Majani yangu ya chai. Nanasi lilitoka ghorofa ya tatu, huko nako alipitia. Kitu kimoja tu kilinikwaza hata katika furaha ya kumkamata. Wiki ile nilipika viazi mara tatu, nilitia ndooni maganda ya sufuria tatu, na humo ndani ya ndoo ya kijani hapakuwa na ganda la kiazi hata moja. Nilipekua mara mbili. Vilivyopotea kwangu na vilivyopatikana kwake havikulingana.

Nitakuwa mwongo nikisema nilisikitika. Nilifurahi. Miaka kumi na moja ya cherehani na vinyago, na sasa namshika na ushahidi mkononi. Nilipanda ngazi kwa kasi ambayo magoti yangu yalikuwa yameisahau, nikagonga mlango wake kwa ngumi.

Alichelewa kufungua. Alipofungua alisimama katikati ya mlango, nami nikaingia kwa bega, kama wifi anavyoruhusiwa.

Chumba kilikuwa kisafi mno. Chini ya dirisha, mahali ilipokuwa cherehani, sakafu ilikuwa na alama nne za miguu yake na mraba wenye rangi mpya kuliko sakafu nyingine. Sufuria zote zilikuwa zimepangwa kifudifudi juu ya rafu, kavu, zinang'aa, isipokuwa moja ndogo iliyofunikwa juu ya jiko. Rafuni palikuwa na chumvi. Palikuwa na kiberiti. Nilitafuta kwa macho, maana macho yangu hayajui kazi nyingine, na sikuona kingine. Hapakuwa na mwanamume wala harufu ya kitu kupikwa.

"Cherehani iko wapi?" nikauliza.

"Imekwenda kutengenezwa."

"Tangu lini?"

"Wakati wa mvua," akasema, na akasogea kidogo, akasimama kati yangu na ile sufuria ndogo.

Mvua ilikuwa imepita miezi mitano. Nilikuwa nimelificha ganda la yai kiganjani, na nikasikia limevunjika bila mimi kutaka. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikaona mifupa ya mashavu ya marehemu mume wangu kama ilivyokuwa katika wiki zake za mwisho. Macho yake yalikuwa yananisubiri niseme nilichojia.

"Nimekuja kuazima sindano," nikasema.

Akafungua kopo, akanipa. "Sindano ninazo," akasema. "Sindano zilibaki."

Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika sindano mkono mmoja na vipande vya yai mkono mwingine. Nilikaa jikoni kwangu, chini ya ile dari iliyonyamaza, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Na asiye na maganda? Aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti yake ya kawaida, na hakuwa anatania. Alikuwa anaomba njia. Mimi nikawachekesha watu. Kumbe mchicha wa Jumamosi ndio chakula alichokuwa nacho, na mimi nimeufungia nyuma ya ndoo ya maganda, na mtu asiye na cha kumenya atatoa wapi maganda kama si kuyaokota kwa wenzake gizani? Nilijua idadi ya mayai yangu kwa tarehe. Sikujua kwamba mtu wa damu ya mume wangu ana njaa mita tatu juu ya meza yangu.

Msiniambie ningempelekea chakula. Hamumjui. Mwaka alipougua nilimpelekea bakuli la supu, akalirudisha limejaa vifungo vya shati, kwa kuwa hapokei cha bure. Ningebeba sahani leo, kesho angehama jengo. Na Kinyozi je? Ili nimsafishe Kinyozi ilibidi nimtaje mwizi, na mwizi nilishamjua.

Nililifikiria jambo hilo siku nne. Nilikuwa na kitu kimoja tu ninachojivunia duniani. Sina mali, sina mtoto, uzuri niliwahi kuwa nao kidogo ukaisha. Nilikuwa na sifa kwamba Mama Stoo hakosei hesabu. Siku ya kustaafu mganga mkuu alisimama akalisema hilo mbele ya wauguzi wote, na barua yake nimeitia kwenye fremu.

Jumamosi watu walipokusanyika na vikapu nilisimama mbele ya ubao.

"Nilikosea hesabu," nikasema.

Nadhani walifikiri hawakusikia vizuri, kwa hiyo nikarudia. Nikasema maganda yangu hayakuibwa na mtu. Nikasema Jumatatu na Alhamisi jioni nimekuwa nikiyapeleka mwenyewe kwenye biwi nusunusu, kisha asubuhi nasahau na kuanza kumtafuta mwizi. Ni uzee, nikasema, kichwa kimeanza kuvuja. Nikamgeukia Kinyozi aliyekuwa amesimama mlangoni kwake mikono kifuani, nikamwomba radhi kwa jina la kazi yake na mbele ya sungura wake.

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha wengine wakafuata. Mama Stoo kapoteza hesabu! Kabla ya jioni nilikuwa nimeshapewa jina jipya, Mama Sahau, na watoto waliliimba ngazini. Liliniuma kuliko nilivyotarajia. Kinyozi hakucheka. Alisema tu, "Nimesikia," akafunga mlango. Ilipita wiki nzima ndipo nikaikuta ndoo nyeusi chini ya ngazi, imejaa samadi mpaka ukingoni.

Baada ya kicheko kutulia nilichovya kitambaa kwenye maji nikafuta ubao. Badala yake niliandika kwamba kila nyumba inachuma. Aliye na maganda alete, aliye na majani makavu alete, asiye na kitu alete ndoo tupu tuitumie kubebea maji, kwa sababu biwi nalo lina kiu. Mzee wa ghorofa ya tatu akauliza, na wavivu je? Nikamwambia nao wana matumbo.

Sikutazama ngazini alipokaa Wifi. Nilijilazimisha.

Jumanne nilishuka saa kumi na mbili na nusu na nikamkuta amesimama kando ya biwi. Nilikuwa nimeligeuza Jumapili, lilikuwa limeanza kupata joto tena, na mvuke mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magunia. Alikuwa ameshika ndoo ya kijani. Ilikuwa imeoshwa na kukaushwa, na ndani hamkuwa na kitu.

"Leo sina kitu, wifi," akasema.

"Sikukuuliza una nini." Nikachukua chaki nikatia alama kwenye mstari wake.

Jogoo wa mtu aliwika mtaa wa pili.

"Hukukosea hesabu," akasema.

"Nilikosea."

"Miaka thelathini na moja hukukosea."

"Basi zamu yangu ilikuwa imefika."

Aliinama akagusa gunia kwa kiganja, kama mtu anayepima homa, akakiacha hapo kwenye joto. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini stoo ni ugonjwa, na kulikuwa na kitu kilichokuwa kikinikereketa tangu siku ya ganda la yai, nikashindwa kukimeza.

"Kimoja tu hakijalingana," nikasema. "Maganda ya viazi. Hayakuwamo kwenye ndoo yako. Yalikwenda wapi?"

Hakuondoa mkono kwenye gunia. Alitabasamu kidogo, lile tabasamu lake la kutafuta kasoro.

"Unamenya manene, wifi," akasema. "Nilikuwa nayaosha, nayachemsha na chumvi. Nusu ya kiazi inakuwa imo mle. Ungekuwa unamenya kama watu wengine, ningekufa."

Niliangalia ukuta wa alama, mistari yote ile iliyonyooka niliyoitia kwa mkono wangu, nikatamani kuufuta wote. Kulia mbele yake kungemfukuza. Nilijipangusa pua kwa mkono wenye chaki.

"Basi panda kwangu sasa hivi," nikasema. "Uje unifundishe kumenya."

"Miaka yote hii nakuambia, leo ndio umesikia?"

"Leo ndio nimesikia."

Alinitazama, akitafuta huruma iko wapi ili aikatae. Nilimkazia uso wa stoo, haonekani mtu humo. Mwishowe akachukua ndoo yake, akatangulia ngazini, polepole, na mlangoni kwangu akasimama akisema visu vyangu bila shaka ni butu.

Siku hiyo nilimenya viazi vya watu wawili. Wifi alikaa ng'ambo ya meza akinisimamia, na kila ganda nililolitoa alilinyanyua dirishani kuona kama linapitisha mwanga. Lisilopitisha alinirudishia. Alikula sahani mbili bila kunishukuru hata kidogo, akanikosoa chumvi, akasema atakuja tena Alhamisi kwa sababu mkono wangu wa kushoto bado ni mzito.

Ijumaa ndoo yangu ilikuwa nyepesi, na sikumshuku mtu.